Sauti ya Kumlaza Dereva

"Mama, mngetuambia ukweli mapema," daktari aliniambia, mume wangu akiwa bado anapepesa macho kitandani. "Mtu anayetumia vitu hashikiki na dawa yetu. Hata umpe mara mbili."

Nikamuuliza vitu gani.

"Unajua mwenyewe. Miraa, mairungi, zile tembe za madereva. Mimi simhukumu mtu."

Hahukumu! Nilimwangalia Abdulnoor, mkono wake wa kulia umezungushiwa plasta kutoka juu ya kiwiko mpaka kwenye vidole, na ndani ya plasta mfupa haujanyooshwa. Asubuhi aliingia chumba cha upasuaji na mkono uliovunjika. Mchana alitoka na mkono ule ule uliovunjika, pamoja na jina jipya la mraibu. Na mimi niliyemfulia nguo na kumpikia miaka yote hiyo, nikiwa nimesimama pale, naambiwa na mtu niliyemjua kwa wiki moja kwamba simjui mume wangu.

Mkono aliuvunja Malaba, akifunga turubai juu ya trela. Kamba ilikatika, akaja chini na mkono wa kulia ukatangulia. Mwenye lori, Bashir, ndiye aliyempeleka Busia kwenye hospitali moja ya binafsi, akasema hapo kuna daktari kijana anaitwa Callistus, fundi wa kulaza watu, katoka Nairobi na mashine yake. Nilishukuru. Nitakuwa muongo nikisema sikushukuru.

Na siku ile ya kwanza daktari alikuwa mtamu kweli. Alivuta kiti, akatueleza taratibu. Mkono utapigwa sindano ya ganzi begani, kisha Abdulnoor atapewa dawa ya usingizi mwepesi ili asione wala asisikie kazi. Ila kuna jambo geni analolifanyia utafiti, kama tutakubali. Ubongo wa mtu aliyelala sana, alisema, hupanda na kushuka polepole, wimbi baada ya wimbi. Mashine inasoma hayo mawimbi kwa nyaya za kwenye paji la uso. Wimbi likianza tu kupanda, inatupa sauti fupi sikioni, wakati huo huo, wala si kabla wala si baada, na wimbi linakuwa kubwa zaidi. Mtu anazama usingizini kwa dawa kidogo, na akiamka kichwa chake hakijavurugika. Nilivyoelewa mimi, ni kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mchi wako ushuke wakati wa mwenzako uko juu, la sivyo mnaumizana.

"Ni sauti ya namna gani?" nilimuuliza.

"Laini tu, mama. Tamu. Kama mvua inayopita."

Abdulnoor akacheka, akasema kama usingizi wake unaweza kusaidia watu, wauchukue, yeye hajawahi kujua kazi yake. Tukakubali. Hakuna aliyetulazimisha, na siwezi kudai hivyo.

Kilichotokea mle ndani nilielezwa na daktari mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa ameudhika utadhani ni yeye aliyevunjika. Mfupa walikuwa wameshaupanga vizuri, wanataka kufunga chuma, mgonjwa akainuka. Macho yamefumba, lakini kainuka. Mguu wa kushoto ukakanyaga kwa nguvu, mkono wa kushoto ukakamata hewa na kusukuma, sinia ya vyombo ikaruka, mfupa ukaachana. Wakamwongezea dawa, akalala, sauti ikaendelea, akainuka tena. Wakaongeza tena, pumzi yake ikaanza kushuka, wakaogopa. Wakashona, wakafunga plasta, wakaacha kazi njiani.

"Kama mtu anayeona vitu ambavyo havipo," daktari alimalizia. "Nenda naye nyumbani. Akae miezi mitatu bila kugusa hizo takataka, halafu tutaongea."

Muuguzi mmoja, Emmaculate, dada wa kutoka Butula mwenye sauti ya chini, ndiye aliyenisindikiza mpaka getini. Akatazama nyuma kwanza. "Mama Zainabu, mfupa hautangoja miezi mitatu," akasema. "Utashikana vile uko, na uko vibaya. Hiyo mkono haitazungusha usukani. Usikubali."

Sasa jamani, dereva bila mkono wa kulia ni nani?

Tukarudi Malaba. Kabla sijapata hata nafasi ya kukasirika sawasawa, Bashir akafika nyumbani na mfuko wa machungwa. Daktari alikuwa ameshampigia simu, eti kwa sababu ndiye aliyemleta mgonjwa. Hakuvua viatu. Alikaa hapo mlangoni, machungwa yapo magotini, akanyoosha maneno kwangu badala ya mume wangu aliyekuwa amekaa pale pale.

"Shemeji, mimi nampenda Abdulnoor kama ndugu. Lakini lori si kitu ya kumpa mtu wa tembe. Lori ina mzigo ya watu. Nimeongea na dereva mwingine, Ibra, aishike."

"Umemuona akimeza tembe?"

"Si daktari amesema?"

"Nakuuliza wewe, boss. Miaka hii yote, umemuona?"

Bashir akaangalia machungwa yake. "Daktari amesoma, shemeji."

Alipoondoka nilimgeukia mume wangu, nikitaka apige kelele, apasue kitu, aseme hata neno moja. Abdulnoor alikuwa anatazama plasta yake. Akasema polepole, "Labda ni mimi, Mama Zainabu. Labda kuna kitu kichwani mwangu kimeharibika. Mbona wengine wanalala?"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ya kweli. Kumwita mtu mraibu ni ubaya. Kumfanya aamini ni ubaya mkubwa zaidi. Mtu huyu hanywi, hatafuni, hata sigara inamkohoza. Kitu anachotumia kukaa macho ni chai ya tangawizi, naichemsha mimi kwenye sufuria yangu, na pia foleni.

Niseme kuhusu foleni, kwa sababu asiyeijua hatanielewa. Malori yanapojipanga laini, kama tuitavyo foleni sisi, hapo Malaba kungoja kuvuka mpaka wa Uganda, hupangika barabarani mbali kuliko unavyoweza kuona, na yanasonga kidogo kidogo, saa yoyote, bila taarifa. La mbele likisonga nawe hujasonga, kuna mtu kando anayengoja nafasi hiyo, atachomekea, na wewe umerudi nyuma. Kwa hiyo dereva hulala kwenye kiti chake na sikio lake halilali. Hangoji kuitwa. Anangoja breki ya upepo ya gari la mbele ikiachiliwa: psss. Mguu kwenye klachi, mkono kwenye gia, anasogea urefu wa trela moja, anavuta breki, anasinzia tena. Hata akija nyumbani hulala hivyo hivyo, vipande vipande, kwa sababu nyumba yetu iko kando ya barabara hiyo hiyo. Nilishazoea kuamka na kukuta mume wangu amekaa kitandani, macho yamefumba, mkono unatafuta.

Na sisi wanawake wa chakula tunaishi kwa sauti hiyo hiyo. Nauza wali, maharage, chapati na matoke kwa beseni, gari hadi gari. Dereva anakula juu kwenye kabini na mimi nangoja chini. Breki ya mbele ikipumua, usimalize hata sentensi yako, kimbilia sahani. La sivyo inaenda. Mwenzangu Among ana sahani zake Kampala, mimi nina moja ilifika Juba na dereva akanisalimia kwa simu akiwa anaitumia. Lakini hayo yote sikuyaunganisha na upasuaji. Ningeyaunganisha vipi? Nilikuwa nimeambiwa sauti ya mvua.

Asubuhi iliyofuata nilimwachia Among beseni langu nikaenda Busia. Nilikuwa nimejipanga kumwomba daktari. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya heshima, naam daktari, tafadhali daktari. Nilipomkuta ofisini anakunywa chai na sahani ya maandazi mkononi, akanitazama kama mtu aliyeletewa barua ya kodi, maneno ya heshima yakanitoka yote.

"Mlimpima damu?" nikaanza.

"Mama, karibu ukae kwanza."

"Nitakaa. Mlimpima damu mkaona hizo tembe?"

Emmaculate alikuwa pembeni anakunja nyaya za ile mashine. Aliinamisha kichwa.

"Hatukuona haja," daktari akasema. "Dalili zilikuwa wazi. Nimefanya hii kitu kwa watu wengi, mama. Wanafunzi wa chuo, walimu, hata wenzetu ng'ambo wamefanya. Wote wanalala. Ni mume wako pekee ameamka. Sasa wewe niambie, shida ni sauti ama shida ni yeye?"

"Mimi sijaisikia hiyo sauti."

"Basi uisikie." Akaweka kikombe, sahani akabaki nayo mkono mmoja, kwa mwingine akabonyeza kompyuta. "Uone kama kuna kitu ya kumwamsha mtu hapo. Kaa tu, relaksi. Funga macho."

Nilikaa. Nilifunga macho hata, kwa sababu nilitaka kuwa mwenye haki.

Psss.

Kimya.

Psss.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu andazi likibiringika chini ya meza, daktari mikono mitupu, na mimi katikati ya ofisi yake nimekumbatia sahani yake kifuani, nikipaza sauti niliyozoea kuipaza barabarani: "Lete sahani! Laini imesonga!"

Emmaculate alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye nyaya. Mashine ikatoa nyingine, psss, na wallahi mguu wangu ulipiga hatua kuelekea mlangoni bila ruhusa yangu.

"Zima hiyo kitu," nikasema.

Akaizima.

Nikamgeukia Emmaculate. "Dada, nionyeshe. Mkono wa mume wangu ulifanya nini?"

Emmaculate akashusha mkono wake wa kushoto kando ya nyonga, akakunja vidole kama anashika kitu cha mviringo, akakisukuma mbele. Kisha kwa aibu kidogo akanyanyua mguu wa kushoto, akaukanyaga chini. "Hivi, mama. Mguu kwanza, halafu mkono. Kila mara hivyo hivyo."

"Hiyo ni klachi," nikasema. "Na hiyo ni gia ya kwanza."

Nilimwona daktari akielewa. Alikaa.

Na mimi ndipo nikaona jambo lote lilivyokuwa, na hasira niliyokuwa nayo kabla ya hapo ikawa mchezo. "Mlimwambia laini imesonga," nikamwambia. "Mtu mmempasua mkono, mmemwekea dawa ya kumlaza, na sikioni mnamwambia laini imesonga, laini imesonga! Na hamkumwambia ovyo. Mlingoja azame kwanza. Mashine yenu inamvizia, akishazama tu, ndipo mnamwambia. Foleni yenyewe haijawahi kumfanyia hivyo!"

"Mama, hatukujua. Ile sauti imejaribiwa..."

"Kwa nani? Wanafunzi wako wamewahi kulala Malaba?"

"Hapana."

"Walimu?"

Halafu, na hili ndilo mpaka leo likinijia nikiwa naosha vyombo naosha kwa nguvu, uso wa daktari ukaanza kung'aa. Akavuta kiti mbele. "Lakini unajua hii ni kubwa, mama? Ubongo chini ya dawa na bado unachagua sauti! Nikipata madereva kama ishirini hivi, niwafunge nyaya, nilinganishe na watu wa kawaida... Hata wewe mwenyewe, kama utakubali..."

Watu wa kawaida. Mume wangu anakaa nyumbani akiamini kichwa chake kimeharibika, mfupa wake unashikana vibaya saa hiyo tunayoongea, na huyu anahesabu madereva!

"Kwanza utampigia Bashir," nikasema.

"Tutampigia, bila shaka. Ila kuna kamati, lazima niwape ripoti, wathibitishe..."

"Ulipomwambia ni mraibu kamati ilithibitisha?"

"Mama, naomba basi hiyo sahani, tuongee vizuri."

"Sahani hii haitoki kwangu," nikasema, na nikakaa nayo mapajani. "Mimi nimefukuza malori nikidai sahani. Wewe hutanishinda umekaa."

Nadhani aliona nasema kweli. Emmaculate, Mungu ambariki, alichukua simu ya daktari mezani akampa mkononi. Akapiga, akaweka sauti nami nisikie.

"Bwana Bashir, kuhusu mgonjwa wako. Kulikuwa na changamoto kidogo upande wa sauti..."

"Sema vizuri," nikamwambia.

Akaanza upya. "Kosa lilikuwa letu. Si dawa za kulevya. Hatukumpima, na hakuna kitu kilionyesha anatumia chochote."

"Nani?"

"Mama?"

"Nani hatumii chochote? Ana jina."

"Abdulnoor," daktari akasema. "Abdulnoor hatumii chochote. Alete mkono haraka, tutaumaliza sisi wenyewe, kwa gharama yetu."

Upande wa pili Bashir alikuwa anasema eh, eh, kumbe, kumbe. Akauliza basi kama si tembe, ilikuwa nini, mtu ainuke amelala. Daktari akanitazama kama anayeomba msaada. Nikainama kwenye simu.

"Ilikuwa lori lako, boss," nikasema. "Walimpigia sauti ya breki. Amelazwa mezani, mkono umefunguliwa mpaka mfupa unaonekana, na anasogeza lori lako watu wasichomekee. Mara mbili. Wewe ukaja kwangu na machungwa, ukasema umeongea na Ibra."

Bashir akakata simu.

Walimpasua tena siku iliyofuata. Safari hii hakuna nyaya, hakuna sauti, na Emmaculate alimziba masikio kwa pamba kabla hata ya sindano ya kwanza. Daktari na mwenzake wa mifupa walifanya kazi yao, na nasema bila choyo kwamba waliifanya vizuri. Chuma kilikaa, mfupa ukanyooka, na vidole vilikuwa na joto. Nilingoja kwenye benchi mpaka Emmaculate akatoa kichwa mlangoni.

"Kuja umuone, mama," akasema. "Bado amelala. Usimwamshe."

Chumba kile kina dirisha linaloangalia barabara ya malori. Abdulnoor alikuwa chali, mdomo wazi, anakoroma kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Nilikaa kando yake. Nje, lori likasimama, likangoja, kisha breki ikaachiliwa: psss. Mkono wangu mimi uliruka kutoka kwenye paja. Wa kwake ulikaa pale pale juu ya shuka, vidole vimelegea, na kukoroma hakukukatika hata kidogo.

Nilimtazama usoni. Ile mikunjo katikati ya nyusi zake, niliyodhani alizaliwa nayo, haikuwepo. Alikuwa na uso mwingine kabisa, wa mtu mdogo kuliko yule niliyemjua. Nimekuwa mke wake tangu kabla Zainabu hajazaliwa na nilikuwa sijawahi kumwona mume wangu amelala. Nililia, na sikulia kwa furaha. Nililia kwa hasira, kwamba ilibidi mtu aanguke, avunjike, atukanwe na kupasuliwa mara mbili, ndipo apewe alasiri moja ya usingizi.

Kisha nikasikia sauti kwenye korido. Nikafuta macho, nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu. Bashir alikuwa amesimama pale, safari hii viatu amevishika mkononi, sijui nani alimwambia hospitalini huvuliwa viatu. Nyuma yake daktari Callistus na kompyuta yake kwapani.

"Shemeji," Bashir akaanza, sauti chini kabisa. "Nimekuja kumuomba msamaha. Lori ni yake. Ibra nimeshamrudisha. Hebu tu nimwambie mwenyewe, ni dakika moja."

"Na mimi maswali mawili tu, mama," daktari akasema. "Kabla hajasahau alichosikia ile mara ya kwanza. Nikimwamsha polepole..."

Niliegemea mlango. Nyuma yangu alikuwa anakoroma.

"Amelala," nikawaambia. "Pangeni foleni."